Namna ya kutafuta alama za ndege ya kivita aliyorusha ndugu yako

Mwongozo huu ni wa mwenye babu au mjomba aliyekuwa rubani wa ndege za kivita za Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, katika Vita Kuu ya Pili.

Hatua ya 1: Chagua siku moja. Rubani mgeni kikosini mara nyingi alipanda ndege yoyote iliyokuwa tayari, kwa hiyo "ndege yake" huenda zikawa kumi. Fungua kitabu chake cha safari za angani, uchague tarehe yenye uzito kwa familia.

Hatua ya 2: Tafuta daftari la kikosi. Limehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London, katika fungu la AIR 27, na mengi yanapakuliwa mtandaoni. Fomu 540 inasimulia mambo ya kila siku. Wewe unaitaka Fomu 541: humo mna jina la rubani, namba ya ndege, saa ya kuruka na saa ya kutua.

Hatua ya 3: Tenganisha namba na herufi. Hapa ndipo wengi hupotea. Herufi kubwa ubavuni ni za kikosi na nafasi: RF ni kikosi cha 303 cha Wapoland, na herufi ya tatu ni ya ndege. Ndege ikiangushwa au ikihamishwa, herufi yake hupewa nyingine. Jan Zumbach wa kikosi hicho alirusha zaidi ya ndege moja ya kivita aina ya Spitfire yenye RF-D mwaka 1942. BM144 ni mojawapo, EP594 nyingine. Ile namba ndogo karibu na mkia ndiyo hukaa na ndege hadi mwisho wake. Ukiona picha yenye herufi tu, usiandike namba kwa kukisia. Inauma kuona mfano wa ndege uliotengenezwa kwa upendo ukiwa na namba ya ndege ambayo mzee hakuipanda kamwe.

Hatua ya 4: Linganisha rangi na tarehe. Kwa ndege za kivita zilizokuwa Uingereza, kahawia ya mgongoni ilianza kuondolewa Agosti 1941, ikaja kijivu. Mistari myeupe na myeusi ya uvamizi wa Normandy ilipakwa mwanzoni mwa Juni 1944. Kule Burma, nyekundu iliondolewa kwenye duara la alama, yaani duara la rangi la RAF lililopakwa kwenye mabawa na ubavuni, ili isidhaniwe ni jua jekundu lililokuwa alama ya ndege za Wajapani.

Angalia sana picha za zamani. Baadhi ya filamu za wakati ule ziliifanya njano ionekane nyeusi, hata ule mviringo wa nje wa duara ukaonekana kama haupo.

Hatua ya 5: Chora. Ulichokiona kwenye picha ya ndege hiyohiyo, kichore kwa wino. Ulichokadiria kutokana na ndege nyingine za kikosi, kiache kwa penseli, na pembeni uandike tarehe ya siku uliyoichagua.