Jinsi ya kuwapima watu wa tiba shufaa kabla hujawakabidhi mgonjwa wako, hasa kama uko Mwanza au visiwani

Hii naandika kwa ajili ya wale ambao wameshaambiwa na daktari kwamba ugonjwa hauponi tena, mrudisheni mgonjwa nyumbani, kuna watu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso (wengine wanaita hospisi), watakuwa wanamfuatilia. Ukishaambiwa hivo kichwa kinavurugika, unakubali watu wa kwanza utakaoonyeshwa, afu wiki mbili mbele ndo unagundua hao kazi yao ni kuja kusali na kuacha miche ya sabuni. Kusali sio vibaya na sabuni inasaidia kweli, ila mgonjwa anaelia maumivu usiku kucha anahitaji kitu kingine. Mi nilimuuguza shangazi nyumbani Igoma mpaka mwisho wake, na toka hapo watu wananipigia kuuliza hawa wakoje, wale wakoje, kwa iyo acha niweke yote sehemu moja.

Kipimo changu kikubwa ni kimoja: saa nane usiku mgonjwa akizidiwa, dawa ya maumivu ipo ndani ya nyumba? na kuna mtu atapokea simu? Watu wanaojibu hayo mawili vizuri mara nyingi na mengine wako vizuri. Wanaozungukazunguka hapo, hata wawe na gari lenye nembo kubwa mlangoni, kaa nao macho.

Tuanze na dawa maana hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Maumivu ya saratani iliyosambaa hayatulizwi na panadol wala sindano ya diklofenaki ya kila jioni. WHO toka 1986 wanafundisha kupanda kwa ngazi, maumivu madogo panadol na wenzake, ya katikati kodeini, makali mofini, na dawa inyweke kwa mdomo, tena kwa saa, yaani inatolewa kabla maumivu hayajarudi, hakuna kusubiri mtu apige kelele. Na mofini ya kunywa sio dawa ya matajiri, jirani zetu Uganda hospisi aliyoianzisha Dk. Anne Merriman mwaka 1993 ilianza kwa kuchanganya unga wa mofini na maji, na mpaka leo dawa ya maji ya namna hiyo ndo tegemeo Afrika mashariki.

Sasa ukiuliza "mnatoa mofini?" kila mtu atakujibu ndio. Uliza hivi: leo hii iko dirishani? Nani anaandika cheti chake, na huyo mtu akiwa safari nani anaandika? Ikikata mnaelekeza wapi? Chupa moja itamtosha mgonjwa wangu siku ngapi? Sikiliza kama anajibu kwa kujua au anakupa maneno ya kukutuliza. Mofini inadhibitiwa na serikali, ina rejista yake na karatasi zake, kwa iyo mtu anaeitoa kweli atakueleza utaratibu hadi utachoka, na hiyo ni dalili nzuri.

Afu kuna vitu vidogo vinavyomtofautisha anaejua kazi. Mofini inafunga choo, karibu kila mgonjwa, so akikupa mofini bila dawa ya kulainisha choo (labda kama mgonjwa anaharisha) muulize mbona. Ile ya maji nguvu yake inaisha kama baada ya saa 4, ndo maana inapangwa kila baada ya saa 4, na wengi wanaongeza ile ya kulalia mara mbili ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane, pia anatakiwa akupangie dozi ya ziada ya kumpa maumivu yakichomoza katikati, umpe bila kuomba ruhusa kwa mtu. Anatakiwa akwambie mapema kwamba siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa atasinzia na anaweza kusikia kichefuchefu, vinapungua. Dozi zenyewe usijipangie wewe, hasa mgonjwa ambae figo zinasumbua, ila maelezo ni haki yako. Na ukikutana na mtoa huduma anaesema "tusimpe mapema atakuwa teja", jamani, mtu ana saratani imefika kwenye mifupa na mnaogopa uteja? Mgonjwa anaetumia mofini kwa maumivu halisi, kwa kipimo na chini ya uangalizi, hilo la uteja halitokei kirahisi hivo. Mi huyo namuaga hapohapo.

Angalia wanavyomuuliza mgonjwa siku ya kwanza. Watu wazuri wanakaa. Hawaandiki wakiwa wamesimama mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi. Wanamuuliza yeye mwenyewe, sio wewe, maumivu yako wapi, yanachoma au yanavuta, unalala?, na wengi wanatumia vidole vya mkono, ngumi ni hakuna maumivu na vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika, hata bibi ambae hajasoma anaonyesha tu. Kuna fomu ya APCA, ule muungano wa tiba shufaa Afrika wenye makao yake Kampala, ina maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya anaemuuguza, yanagusa maumivu, wasiwasi, kama ana amani, kama ameweza kusema yaliyo moyoni kwa watu wake, na kama wewe muuguzaji umepewa taarifa za kutosha. Sio lazima watumie hiyo hiyo. Cha msingi namba iandikwe kwenye faili na ziara ijayo waiulize tena walinganishe. Wakija mara ya pili hawakumbuki alionyesha vidole vingapi, huo ni utalii.

Marekani, ambako bima ya Medicare imeanza kulipia hospisi 1983, walishakuwa na kipimo kinachouliza mgonjwa aliefika na maumivu, je ndani ya saa 48 yalishuka mpaka kiwango ambacho yeye anaona ni nafuu? Nimelipenda sana hili kwa sababu hata sisi huku tunaweza kulitumia bila mashine yoyote. Wape siku mbili. Sisemi maumivu yaishe, nasema yashuke, alale, au angalau uone wanahangaika, wamepiga simu, wamepandisha dozi. Kipimo kingine cha kwao ni kama nesi au mtu wa ustawi alifika angalau siku mbili kati ya zile tatu za mwisho wa uhai. Hapa kwetu waulize tu waziwazi: mgonjwa akifika ukingoni mnaongeza kuja au mnapunguza? Utashangaa majibu.

Simu ipige kabla huna shida. Chukua namba waliyokupa, piga saa tatu usiku, afu piga jumapili mchana, sema tu unaulizia kitu kuhusu dawa. Ikiwa haipatikani siku zote mbili umeshajua.

Umbali ndo balaa la huku kwetu. Mtu wa Mabatini au Bugarika anakaa juu kwenye mawe, pikipiki inaishia chini na nesi anapanda kwa miguu, so uliza nani atapanda na atakuja kila baada ya muda gani, na nauli ya boda anatoa nani maana kuna wanaokuja "bure" halafu kila ziara ni elfu kadhaa za mafuta. Sengerema siku hizi imekaribia tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025. Shida ni visiwani. Ukerewe, Ukara, Kome, kule usiku huvuki, na ziwa likichafuka hata mchana unaahirisha. Mtoa huduma anaejua mazingira hatakupa chupa ya kuishia ijumaa, atakupa ya ziada, atamwandikia barua mganga wa kituo cha jirani ili ajue kuna mgonjwa wa mofini kijijini kwake, atamfundisha mhudumu wa ngazi ya jamii kuangalia mgonjwa, na katikati atakuwa anapiga simu. Akikuambia tu "mleteni kliniki kila wiki" wakati mgonjwa hawezi hata kukaa, anakutesa nauli, na anamtesa mgonjwa zaidi.

Kama hujui pa kuanzia, Bugando ndo hospitali ya rufaa ya kanda na wagonjwa wengi wa saratani wa kanda ya ziwa wanapitia pale, waulize manesi wa kitengo cha saratani nani anafuatilia wagonjwa upande wa kwenu, au Sekou Toure kama uko karibu huko. Wengine wanarudi toka Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, na karatasi, hiyo karatasi usiipoteze. Na tiba shufaa sio ya saratani tu, mgonjwa wa ukimwi aliezidiwa, wa moyo, wa figo, aliepooza, wote wanahusika. Kuhusu usajili, kituo kiwe kimesajiliwa na daktari na nesi wawe na leseni za mabaraza yao, omba kuona, asiyependa kuulizwa leseni ana lake.

Kuna mambo ya mwili ambayo watu wanaona aibu kuuliza. Kidonda cha titi kinachonuka: mtu anaejua atakuambia kuhusu metronidazo kusagwa na kunyunyiziwa juu, harufu inapungua kweli na watu wanarudi kukaa chumbani na mgonjwa. Saratani ya kibofu, ambayo huku kwetu inahusishwa sana na kichocho, inatoa damu iliyoganda na mpira wa mkojo unaziba, sasa uliza ukiziba usiku nani anakuja kuubadilisha, au tunampeleka wapi. Wakufundishe kwa mikono sio kwa kipeperushi, kumgeuza kila baada ya saa mbili, kusafisha mdomo, kumbadilisha pampasi bila kumvuta ngozi. Kwa mtoto, mfano wale wenye uvimbe wa taya, uliza kabisa kama wameshahudumia watoto, maana mtoto hasemi namba, anaonyeshwa picha za nyuso na anaangaliwa anavyocheza.

Halafu ukweli. Familia nyingi tunasema "msimwambie". Mtoa huduma mzuri hatakugombeza wala hatamdanganya mgonjwa, atamuuliza mgonjwa anataka kujua kiasi gani na ataenda na mwendo wake. Vivyo hivyo na dawa za miti shamba, usukumani hapa nani hajampitisha mgonjwa kwa mganga? Anatakiwa aulize mnampa nini bila kukunja sura, ili ajue kama inagongana na dawa zake. Na siku za mwisho mgonjwa asipotaka kula tena, akueleze kwa nini kumsukumia dripu nyingi kunaweza kumjaza maji mwilini na kifuani, kwa sababu ndugu wa kutoka Dar lazima watafika na kusema mnamuua kwa njaa, na mtu wa kusimama kuwajibu awe yeye, sio wewe mkwe.

Pesa: uandikiwe. Ziara ni kiasi gani, dawa ni kiasi gani, risiti ipo? Wengi wanategemea wafadhili au kanisa so uliza bila aibu ufadhili unaisha lini. Ukikwama pita ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini uombe msamaha wa gharama, usisubiri deni likue. Na wakimbie wanaosema watamaliza saratani kwa dawa yao, wanaokuambia utupe dawa za hospitali, na wanaotaka hela yote mbele.

Uliza pia baada ya kifo wanafanya nini. Wanaokuja msibani, wanakupigia wiki kadhaa baadae kukujulia hali, wanakuelekeza taratibu za kifo kilichotokea nyumbani na wanachukua mofini iliyobaki irudi famasi badala ya kukaa kabatini na watoto, hao wakumbuke jina.

Ukiamua kuhama usiondoke kwa hasira mikono mitupu. Omba muhtasari wa ugonjwa, majina ya dawa, dozi ya sasa na saa ya mwisho aliyopewa, piga picha kwa simu, na hakikisha hao wapya wana mofini mkononi siku hiyohiyo, kwa sababu mgonjwa aliezoea kuipata akikatishiwa ghafla anatetemeka, anatoka jasho, na maumivu yanarudi yote kwa pamoja.