Ramadhani niliyofunga siku zote 30: uzito, hedhi na kutafuta mtoto

Mwaka ule nilifunga Ramadhani nzima, sikula hata siku moja. Mama mkwe alinisifu mbele za watu. Mimi roho haikutulia, maana mwenye hedhi hafungi, na mimi hedhi haikuja. Nilikuwa na miaka 31, sina mimba wala sinyonyeshi, na ilipofika mfungo mosi, mfungo pili na mfungo tatu, miezi mitatu inayofuata Ramadhani, bado sijaona siku zangu, nikajua pana jambo. Ndoa ilikuwa na miaka minne. Hapa Chake Chake, Pemba, kila aliyenitazama alisema ndoa imenipenda, maana nilinenepa kila mwaka.

Namwandikia mwenzangu anayetafuta mtoto, awe mnene au mwembamba kupita kiasi, nimweleze nilivyofanya na kwa nini.

Kwanza hesabu siku. Sisi tumeshazoea kuhesabu kwa ajili ya swala na saumu ya kulipa, basi andika tu. Mimi niliandika nyuma ya daftari la maandalio ya skuli. Hesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya mwezi unaofuata. Kati ya siku 21 na 35 ni kawaida. Zikizidi mara kwa mara, au ukikosa miezi mitatu, nenda hospitali kabla hujabadilisha hata chakula. Huenda ni mimba, huenda ni tezi ya shingo, na hayo hayajulikani mpaka upimwe.

Halafu jipime. Nilikuwa naona haya kupanda mizani kituo cha afya na foleni yote inatazama. Msimu wa karafuu, nyumbani kwa baba mdogo, magunia yalipokwisha kupimwa na wanaume wamekwenda kuswali, nilipanda mwenyewe kwenye mizani ya karafuu. Kilo 92. Urefu wangu ni mita 1.58. Hesabu yake ni hii: gawa kilo kwa urefu wako, jibu ulilopata uligawe tena kwa urefu ule ule. Yangu ilitoka karibu 37. Kawaida ni kuanzia 18.5 mpaka chini ya 25, na ikifika 30 huo ni unene wenye madhara. Azima na futi ya fundi cherehani uzungushe kiunoni: mwanamke akifika sentimita 80, mwanamme 94, mafuta ya tumboni yameanza kuwa hatari kwa moyo, presha na sukari.

Sasa unene unahusiana vipi na mtoto? Mafuta ya mwili hayakai bure, yanatengeneza homoni. Yakizidi, estrojeni, homoni ya kike, inazidi, ubongo unachanganyikiwa na yai halipevuki kwa wakati wake. Tena mwili mnene huacha kuisikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kongosho nalo linazidi kuimwaga, na insulini hiyo nyingi huzisukuma ovari, vifuko vya mayai, zitoe homoni za kiume. Hapo ndipo huja ndevu za kidevuni, chunusi na hedhi ya kuruka. Shingo yangu kwa nyuma ilikuwa na weusi, nikiusugua kwa liwa kila Ijumaa nikidhani ni uchafu. Daktari aliyenitibu aliutazama mara moja akasema hiyo ni insulini. Kabla yake, kituo kimoja nilichokwenda niliambiwa "punguza mwili" tu, sikuambiwa nipunguze kiasi gani wala vipi, nikarudi nyumbani nikalia.

Ninalotaka ulishike ni kiasi chenyewe: huhitaji kuwa mwembamba. Kwa wanawake wengi wanene, kupunguza asilimia 5 mpaka 10 ya uzito kunatosha kuzirudisha siku. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kilo 5 mpaka 9.

Jikoni sikuiacha nazi, na sitamwambia Mpemba aiache. Nilikuwa nakuna nazi mbili kwa wali wa watu wawili, na mchuzi nao wa nazi. Nikashuka nikawa nakuna nusu, nakamua tui mara tatu, la kwanza natia kwenye mboga na la tatu jepesi ndilo linalopika wali. Kama wali ni wa nazi, mchuzi wa samaki unakuwa wa ndimu na tungule, hautiwi nazi. Sahani nikaigawa: nusu mchicha, kisamvu au bamia, robo samaki au kunde, robo wali au muhogo. Chai ya asubuhi nilikuwa natia vijiko vinne vya sukari, nikapunguza kimoja kila wiki. Soda na juisi za pakiti niliziacha siku moja, hizo hazina la kubembelezwa. Kaimati nikabakiza za futari, tatu.

Mazoezi ni kutembea. Baada ya swala ya alfajiri tulitoka wanawake watatu kwa mabaibui yetu na raba, mpaka Gombani na kurudi, nusu saa, siku tano kwa wiki. Hizo ndizo dakika 150 wanazozitaja wataalamu. Watu walitutazama wiki ya kwanza, ya pili walituzoea.

Usinywe sanamaki kupunguza mwili. Unaharisha, mizani inashuka, kumbe yaliyotoka ni maji na chumvi za mwili. Mafuta yako palepale.

Mdogo wangu yeye alikuwa upande wa pili. Analima mwani, bamvua zima yuko majini, anakula mkate na chai mpaka jioni. Kilo 43 kwa urefu wa mita 1.60, hesabu yake haifiki 17. Siku zake zilikatika kabisa. Ubongo ukiona chakula hakitoshi hata kumwendesha mwenyewe, unaifunga kazi ya uzazi. Alipimwa kwanza kifua kikuu na tezi, akawa mzima. Akaongeza uji wa njugu kabla ya kushuka pwani, yai, dagaa, ndizi za nazi mchana. Yeye nazi nilimwambia azidishe.

Na mume apimwe, tafadhali dada yangu. Wangu ni dereva, amekaa kutwa kwenye kiti cha moto, kitambi kimemtangulia. Unene kwa mwanamme hushusha homoni yake na kuharibu mbegu. Alikataa miezi miwili, akaenda, mbegu zikaonekana chache. Akaacha sigara, akatembea na sisi siku za Jumapili. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo usimkatie tamaa wiki ya pili.

Mwezi wa tano tangu nianze nilikuwa na kilo 85. Hesabu bado 34, bado mnene kwa macho ya kila mtu. Ijumaa moja alfajiri nilikwenda kutia udhu nikaona damu. Sikuswali siku ile, nilikaa kwenye ngazi ya uani nikalia kwa shukurani.

Chini ya miaka 35, jaribuni mwaka mmoja ndipo mwende kwa daktari. Ukifika 35, miezi sita. Kama siku hazionekani kabisa, usisubiri. Anza vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla, na kama hesabu yako ya kilo na urefu imepita 30 muulize daktari, huenda akakupa dozi kubwa zaidi. Ukishashika mimba, acha kupunguza uzito. Kula vizuri, pimwa presha kila kliniki, na uombe kipimo cha sukari kati ya wiki ya 24 na 28. Mimi nilipimwa wiki ya 26, sukari ikawa juu kidogo, nikaidhibiti kwa sahani ile ile ya nusu mchicha mpaka nikajifungua.