Ukitoka zamu, siku ya kwanza usipange kitu

Wenzangu mnaopanda ndege Dar kwenda zamu migodini huko Geita: ukirudi nyumbani, siku ya kwanza lala tu. Zamu ya usiku bado iko mwilini, saa nane usiku utakuwa macho unasikiliza feni. Na usianze kupangua utaratibu. Mama watoto ameiendesha nyumba wiki zote hizo bila wewe, anajua nani anajifanya mgonjwa kila Jumatatu. Mimi niliwahi kubadilisha saa ya watoto kulala, nikanuniwa siku tatu kati ya saba za mapumziko! Siku hizi naomba kazi moja tu, kumpeleka kitinda mimba shule. Ukiwa kambini, piga simu saa kumi na moja jioni, si asubuhi wakati wanatafuta soksi.