Hali ya Hewa na Hali ya Njia ya Kurukia: Mwongozo kwa Rubani Anayetua Zanzibar

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, Unguja, uko futi zipatazo 54 tu juu ya usawa wa bahari, na una njia moja ya kurukia yenye urefu wa zaidi kidogo ya mita 3,000, iliyolala kaskazini na kusini na kupewa namba 18 na 36, yaani nyuzi 180 na 360 za dira zikigawanywa kwa kumi. Mlalo huo unaafikiana na pepo mbili kuu za mwambao: kaskazi inapovuma, kati ya Desemba na Machi, ndege hutua kwa namba 36, na kusi inaposhika, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, hutua kwa namba 18. Ugumu uko katika miezi ambayo pepo hizo zinapokezana, kwa sababu ndiyo miezi ya masika na vuli. Wakati njia inapokuwa na maji mengi zaidi ndipo upepo nao unapokuwa hauaminiki, na rubani anayesoma taarifa ya hewa mbali na taarifa ya njia hawezi kuliona jambo hilo.

Kabla ya kuondoka, chukua METAR (vipimo vya hewa ya sasa uwanjani) na TAF (utabiri wa uwanja) zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, pamoja na NOTAM (ilani kwa marubani) za uwanja, na uanze kwa kutazama saa. Tuseme umepewa mfano huu: HTZA 141100Z 16014KT 9999 FEW018CB SCT020 31/25 Q1011 TEMPO 4000 SHRA. HTZA ni alama ya uwanja wa Zanzibar, na namba za mwanzo zinaeleza kuwa vipimo ni vya tarehe 14, saa 11:00 kwa saa za dunia, yaani saa nane mchana kwa saa zetu. Taarifa iliyochukuliwa saa nzima iliyopita, siku yenye mawingu ya radi, ni historia. Upepo unatoka nyuzi 160 kwa noti 14, yaani maili 14 za baharini kwa saa. Macho yanaona kilomita 10 au zaidi. Na mara kwa mara, kwa vipindi visivyofikia saa moja, manyunyu yatashusha uwezo wa kuona hadi mita 4,000. Wengi huishia kwenye 9999 wakaridhika. Mimi ningeishika zaidi FEW018CB, yaani mawingu machache ya radi yenye kitako kwenye futi 1,800, kwani wingu moja tu la radi likiwa karibu na uwanja linatosha kuharibu yote yaliyoandikwa kabla yake.

Kwa upepo wa ubavu, tumia kanuni ya saa: zichukulie nyuzi za tofauti kati ya upepo na njia kuwa ni dakika. Nyuzi 30 ni nusu saa, basi nusu ya upepo inakupiga ubavuni. Nyuzi 45 ni robo tatu. Kuanzia 60 uhesabu upepo wote. Kaskazi ya nyuzi 030 kwa noti 16 itakupa noti 8 za ubavu ukitua kwa namba 36. Ikumbukwe kwamba METAR huhesabu nyuzi kutoka kaskazini halisi, ilhali mnara wa kuongozea ndege hutaja upepo kwa kaskazini ya dira, sawa na namba za njia. Mwambao wetu tofauti yake ni ndogo, lakini si hivyo kila mahali.

Upepo wa nyuma ndio unaodharauliwa. Ukitua na upepo wa nyuma ulio sawa na sehemu moja ya kumi ya mwendo wako wa kutua, umbali wa kusimama huongezeka kwa karibu sehemu moja ya tano, na hayo ni kwa njia kavu.

Kuhusu njia yenyewe, utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga ulioanza kutumika tarehe 4 Novemba 2021 huigawa njia katika theluthi tatu na kuipa kila moja namba kutoka 0 hadi 6. Sita ni njia kavu. Tano ni njia yenye maji yasiyozidi milimita 3, hata ikiwa ni unyevu tu. Tatu hutumika pale uso wa njia unapojulikana kuwa huteleza ukilowa, kwa mfano kwa sababu ya mpira wa matairi ulioganda sehemu ambazo ndege hugusa chini. Mbili ni maji yaliyosimama kwa kina cha zaidi ya milimita 3, na ndiyo namba ya kuogopwa katika masika. Nyingine zimewekwa hasa kwa ajili ya nchi za theluji na barafu.

Taarifa iliyoandikwa huanza na theluthi iliyo upande wa namba ndogo ya njia. Ukisoma 5/5/2 hapa Zanzibar, theluthi yenye maji ni ile ya mwisho kwa anayetua kwa 18, yaani pale anapotegemea breki zimalizie kazi. Kwa anayetua kwa 36, ni ileile anayogusia chini. Mnara hukusomea kwa mpangilio wa upande unaotua, kwa hiyo usigeuze tena kichwani kile ulichokwisha kugeuziwa.

Maji yaliyosimama huweza kuliinua tairi likaelea, na tairi linaloelea halina breki wala usukani. Kasi ambayo hali hiyo huanza hukadiriwa kwa kuchukua kipeuo cha pili cha shinikizo la tairi, kwa pauni za inchi ya mraba, na kukizidisha kwa 9. Tairi la pauni 36 huelea kuanzia noti 54 hivi. Likiwa halijaanza kuzunguka, zidisha kwa 7.7, nayo ni noti 46. Ndiyo maana kwenye njia yenye maji haifai kutua kwa ulaini wa kufurahisha abiria: gusa kwa uthabiti, mahali pake, ili tairi lipenye maji na kuanza kuzunguka.

Joto nalo lina hesabu yake. Katika mfano wetu, joto la nyuzi 31 ni 16 juu ya kiwango cha kawaida cha 15 kwenye usawa wa bahari, na kila nyuzi moja ya ziada ni kama kupanda futi 120, kwa kuwa hewa ya joto ni nyepesi. Ndege itajiona iko karibu futi 2,000 ingawa bahari iko pale chini. Hilo huonekana zaidi wakati wa kuruka, na pia unapolazimika kuacha kutua na kupaa upya.

Uamuzi wa kupaa upya ufanywe kabla ya kuanza kushuka. Ukiona mwendo unapanda ghafla karibu na manyunyu, usipunguze nguvu ya injini ukidhani umepewa zawadi, kwani upepo wa mbele utokao chini ya wingu la radi hufuatiwa na mshuko wa hewa, kisha upepo wa nyuma. Paa, subiri upande usio na wingu, au nenda Dar es Salaam, mradi mafuta ya safari hiyo uliyabeba tangu mwanzo na hewa ya huko uliisoma pia.

Ukishatua, ueleze mnara jinsi breki zilivyoshika: vizuri, wastani au vibaya, na katika theluthi ipi. Ikiwa zilishika vibaya kuliko taarifa ilivyosema, sema papo hapo, kabla hujaondoka kwenye masafa ya mnara, maana nyuma yako huenda kuna ndege nyingine inayoshuka kwa kutegemea namba ileile.