Nenda kwenye kikundi cha nasaba ukiwa na swali moja

Wengi wanaofika kwenye kikundi chetu kwa mara ya kwanza huja na ombi lile lile: "Nataka kujua asili ya ukoo wangu." Ni haja njema, nami hufurahi kila ninapoisikia, ila haina pa kuishika. Una wazazi wawili, babu na bibi wanne, na ukirudi nyuma vizazi kumi, kizazi hicho peke yake kina nafasi 1,024. Tuanze na nani? Aliyezoea madaftari ya ubatizo hawezi kukusaidia mpaka umwambie unamtafuta nani, aliishi wapi na miaka gani. Swali linalosaidika huwa hivi: "Babu mzaa mama alifunga ndoa katika mji fulani, kati ya 1925 na 1931. Wazazi wa mkewe ni nani?" Hapo kuna jina, mahali, wakati, na jambo moja tu lisilojulikana.

Ili ufike kwenye swali la namna hiyo, anza na wazee wako walio hai, na usichelewe. Ukimuuliza mzee mwaka aliozaliwa shangazi yake, atakisia. Muulize nani alikuwa anaishi nyumbani alipoanza shule, nani alikuwa tayari ameolewa, nani alifariki kabla ya nani. Mpangilio wa matukio hukaa akilini kuliko tarehe. Mpe picha za zamani azishike mwenyewe, kisha unyamaze. Rekodi sauti kama ameridhia. Kisha kamuulize ndugu yake mambo yale yale, peke yake, kwa sababu wakikaa pamoja mmoja humfuata mwenzake. Kusanya pia vyeti, pasi za kusafiria, barua na vitabu vya dini ambavyo watu waliandikia siku za kuzaliwa watoto.

Panga uliyoyapata kwa namba. Utaratibu tunaoutumia ni wa zamani. Michaël Eytzinger aliuchapisha mwaka 1590. Wewe ni 1, baba yako 2, mama yako 3. Baba wa mtu yeyote ni namba ya mtu huyo mara mbili, na mama yake ni hiyo ukiongeza moja. Ukisema kikundini, "Nimekwama kwa 13," kila mtu anajua ni mama mzazi wa babu yako mzaa mama, bila maelezo marefu. Kando ya kila taarifa andika ilikotoka: daftari gani, ukurasa gani, au nani alikusimulia na lini. Andika pia ulikotafuta ukakosa, kwa miaka gani na kwa tahajia zipi za jina. Hilo la mwisho watu hulipuuza, nalo ndilo tunalolihitaji zaidi.

Faida ya kwanza utakayoipata kikundini ni kuambiwa kisichokuwepo. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika kutokana na moto uliotokea Washington mwaka 1921. Sensa ya Uingereza na Wales ya 1931 iliteketea mwaka 1942. Huko Dublin, kumbukumbu nyingi mno ziliungua Juni 1922 katika vita. Mtu anaweza kuhangaika miezi akitafuta majivu. Mwenye uzoefu atakwambia mara moja, na kukuelekeza kwenye mbadala: orodha za walipa kodi, vitabu vya anwani za miji, magazeti, au ile orodha ya raia iliyoandikwa Septemba 1939 Uingereza ilipoingia vitani.

Ya pili ni macho. Mwandiko wa kale ukikushinda, usituletee ulichodhani umekisoma. Leta picha ya ukurasa mzima. Herufi tusiyoielewa katika jina lako tutaitafuta katika majina mengine ya karani yule yule. Na tarehe zina mitego yake. Uingereza, kabla ya 1752, mwaka ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo mtoto aliyebatizwa Aprili 1740 akazikwa Februari 1740 hakuandikwa kimakosa. Februari hiyo kwetu ni ya 1741.

Majina nayo yaliandikwa jinsi karani alivyoyasikia, hivyo tafuta kila tahajia unayoweza kuifikiria. Kuna hadithi maarufu kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York, waliwabadilishia wahamiaji majina. Ukija nayo tutakwambia kwa upole: maofisa wale walifuata orodha zilizoandikwa na kampuni za meli huko walikopandia abiria. Tafuta orodha hiyo ya meli.

Sasa nifike kwenye njia ninayoipenda kuliko zote. Mtu wako asipoonekana, watafute waliomzunguka: mashahidi wa ndoa, wasimamizi wa ubatizo, majirani waliohesabiwa kabla na baada yake kwenye sensa. Mama wa bibi yangu nilimpata hivyo. Wazazi wake hawakutajwa popote, lakini mwanamume mmoja alikuwa shahidi wa ndoa yake, kisha akawa msimamizi wa ubatizo wa watoto wake wawili. Mzee mmoja kikundini aliniambia nimwache yule mama kwanza, nimfuate huyo shahidi. Alikuwa kaka yake. Kwenye cheti chake cha ndoa baba yao ameandikwa kwa jina na kazi: seremala. Peke yangu nisingefikiria kulifuata jina la mtu niliyedhani ni rafiki tu.

Kuhusu vipimo vya vinasaba, mimi huwashauri watu wasianzie huko. Watoto wa ndugu wawili wa baba na mama mmoja hushiriki kwa wastani asilimia 12.5. Lakini kwa wanaokutana kwenye babu wa babu zao, karibu mmoja kati ya kumi hataonyesha kulingana hata kidogo, na bado undugu ni wa kweli. Tena kipimo kinaweza kumfichulia mtu baba asiyemtarajia. Ukigundua jambo la namna hiyo, mwambie kwanza linayemhusu zaidi, faraghani, kabla hujaligusia kikundini. Na taarifa za walio hai usizitangaze bila ruhusa yao.

Ukipata jibu, lirudishe. Mletee aliyekusaidia nakala ya waraka, ili mwingine mwenye jina hilo hilo akija tusianze upya. Ukipita makaburini, piga picha za mawe ambayo maandishi yanafutika, jua likiwa upande, maana kivuli huchomoza herufi. Usiyasugue wala kuyapaka chaki. Kwenye kompyuta, hifadhi kazi yako katika mfumo wa GEDCOM, ambao karibu kila programu ya nasaba huusoma, kisha chapa nakala ya karatasi. Na nyuma ya kila picha ya familia andika majina ya waliomo kwa penseli laini, kuanzia kushoto, pamoja na jina la aliyekutajia.