Flatibedi Marekani: maandalizi ya orientesheni na wiki za mafunzo

Dereva aliyezoea semi ya Dar–Lubumbashi au Mombasa–Kampala, akiingia kampuni ya flatibedi (tela bapa lisilo na kuta wala paa) Marekani, atashangazwa na jambo moja kabla ya mengine yote: huku hakuna utingo. Kufunga mzigo, kufunika turubai, kukagua njiani, kufungua na kukunja, yote ni ya mikono yako. Ndiyo maana orientesheni ya flatibedi, yaani siku za kwanza za kupimwa na kuelekezwa na kampuni, ina jasho kuliko ya tela la boksi. Mara nyingi huchukua siku tatu hadi tano, na ichukulie kama usaili, maana kwa kawaida hujahesabiwa kuwa umeajiriwa mpaka upite kipimo cha mkojo, daktari na jaribio la barabarani. Wapo wanaorudishwa nyumbani siku ya pili.

Anza na karatasi

Beba leseni ya CDL (ya kuendesha magari makubwa ya biashara), kadi ya daktari, kadi ya Social Security (ya namba ya hifadhi ya jamii) na kibali chako cha kazi au cha ukaazi. Jina liwe lilelile, herufi kwa herufi, kwenye zote. Majina matatu ya kwetu yakiandikwa huku kwa mpangilio huu na kule kwa mpangilio ule, ofisi itakukwamisha siku nzima. Andaa historia ya kazi ya miaka 10 iliyopita: mwezi na mwaka wa kuanza na kuacha, pamoja na miezi uliyokaa bila kazi. Kazi za nje ya Marekani nazo ziandike.

Fungua mwenyewe akaunti ya Clearinghouse, mfumo wa serikali wa rekodi za madawa ya kulevya ulioanza tarehe 6 Januari 2020. Kampuni haiwezi kusoma rekodi yako kamili mpaka wewe ubonyeze ruhusa ndani ya akaunti hiyo. Aliyesahau neno la siri hukaa tu akiwaangalia wenzake wakipanda magari.

Kwenye mkojo, mambo mawili huwaponza watu. Kwanza, mtu anajisaidia hotelini asubuhi halafu anafika kipimoni mkavu. Zinahitajika mililita 45. Ukishindwa unapewa muda usiozidi saa tatu na maji yasiyozidi aunsi 40, na ukiondoka kabla ya kumaliza huhesabiwa umekataa kupimwa, ambako ni sawa na kufeli. Pili, bangi kuruhusiwa katika jimbo lako hakumsaidii dereva wa CDL hata kidogo. Na kwa wanaotoka kwenye mirungi: kathinoni iliyomo ndani yake iko kwenye daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku Marekani. Iache kabisa.

Kwa daktari, presha iwe chini ya 140/90 ili upate cheti cha miaka miwili. Ikifika 180/110 hupiti siku hiyo. Kama unatumia dawa za presha, usiziruke kwa kuogopa kuulizwa; njoo nazo na kopo lake.

Kiingereza nacho ni sehemu ya mtihani siku hizi. Tangu tarehe 25 Juni 2025, mkaguzi akiona dereva hawezi kumjibu au kusoma alama za barabarani anaweza kumsimamisha papo hapo asiendeshe. Jizoeze kwa sauti: umetoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, umeendesha saa ngapi leo.

Mavazi na mwili

Viwanda vya chuma havimfungulii geti dereva aliyevaa raba. Nunua buti zenye chuma kidoleni zinazopanda juu ya kifundo cha mguu, suruali ndefu, shati la mikono mirefu, kofia ngumu, miwani ya usalama na fulana inayong'aa. Glovu chukua jozi mbili: za ngozi kwa minyororo, nyepesi kwa mikanda na turubai. Buti zivae nyumbani wiki mbili kabla, kwani malengelenge ya siku ya kwanza hayaponi kabla ya siku ya tano.

Uso wa tela uko karibu futi tano kutoka chini. Usiruke, hata wakubwa wa kazi wakiruka. Shuka ukiangalia tela, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vikiwa vimeshika wakati wote. Juu ya mzigo usirudi kinyumenyume; wengi wanaoanguka huanguka wakivuta turubai huku wakirudi nyuma.

Hesabu ya kufunga

Hapa ndipo pa kukesha. Kuna sheria mbili, na unafuata ile inayodai vifungo (minyororo au mikanda) vingi zaidi. Ya kwanza ni urefu: kitu kinachozidi futi 10, kama hakijazuiwa mbele, kinataka vifungo viwili kwa futi 10 za mwanzo, kisha kimoja kwa kila futi 10 zinazofuata au sehemu yake. Mzigo wa futi 48 unatoka na vifungo sita. Ya pili ni uzito: nguvu halali (uzito ambao kifungo kimeruhusiwa kuubeba) ya vifungo vyote kwa pamoja isipungue nusu ya uzito wa mzigo.

Tuseme umepakiwa mabamba ya chuma ya futi 20, paundi 46,000. Kwa urefu, vifungo vitatu vingetosha. Kwa uzito unahitaji 23,000. Mnyororo wa gredi 70 wa inchi 3/8 una nguvu halali ya paundi 6,600, kwa hiyo minne inatoa 26,400. Umemaliza? Soma kwanza chuma cha kukazia mnyororo. Vingi vya kawaida vimeandikwa 5,400, na kifungo huhesabiwa kwa kipande chake dhaifu kuliko vyote. Minne sasa inatoa 21,600, umepungukiwa. Weka wa tano. Kosa hili wageni hulifanya kila siku kwa sababu wanasoma mnyororo na hawasomi kikazio.

Na ukumbuke: hesabu hiyo ni ya mnyororo uliopita juu ya mzigo kutoka upande mmoja wa tela hadi mwingine. Ukifungwa kutoka kwenye tela hadi kwenye mzigo wenyewe, au ukapita na kurudi upande uleule, unahesabiwa nusu.

Mkanda wa inchi 4 kwa kawaida umeandikwa 5,400. Kama lebo imechanika, mkaguzi atauhesabu 4,000. Mkanda usiwe na fundo. Mipasuko yake ikijumlika kufika robo tatu ya inchi, utupe. Kila unapogusa kona kali weka kilinda kona, kwani chuma hula mkanda kama msumeno wakati gari linatikisika. Upitishe ndani ya reli ya pembeni, si nje. Kwenye winchi, kifaa cha pembeni ya tela cha kukazia mkanda, acha mizunguko miwili au mitatu. Ikizidi sana mkanda unajazana na kuteleza. Fimbo ya winchi iingize mpaka mwisho, simama pembeni yake, uso mbali, na usiiachie mpaka usikie jino limeingia. Fimbo iliyochomoka imevunja taya nyingi.

Turubai

Turubai la kufunikia mzigo wa mbao, futi 24 kwa 27, yapo yanayokaribia paundi 100, yaani kilo 45. Omba foklifti ikupandishie. Tandaza la nyuma kwanza, kisha la mbele lilalie juu yake. Ukigeuza, upepo unaingia kwenye kiungo na kulipasua kabla hujafika mbali. Mpira wenye ndoano wa kufungia turubai usiuvute kuelekea usoni. Ndoano ikichomoka hurudi moja kwa moja jichoni, na miwani ile ya kiwandani ina kazi hapa pia.

Wiki za mkufunzi

Jifunze kukagua kwa saa kuliko kwa hisia. Kagua mzigo ndani ya maili 50 za mwanzo, kisha kila maili 150 au saa tatu, chochote kitakachotangulia, na kila unapobadilisha hali yako ya kazi kwenye kifaa kinachorekodi saa zako za kazi. Zile maili 50 zina maana: mbao zinajibana, mkanda unanyooka, na uliokuwa unalia kama gitaa kiwandani sasa unalegea mkononi.

Mwambie mkufunzi mapema kwamba kufunga unataka kufunga wewe, yeye aangalie. Baada ya kila mzigo andika kwenye daftari dogo uzito, urefu, idadi ya vifungo na wapi uliviweka, na upige picha pande zote mbili kabla ya turubai kushuka. Ukipewa mzigo kama huo peke yako, usiku, kwenye kiwanda usichokijua, hilo daftari ndilo litakuwa utingo wako.