Kabla ya kununua kamera ya safari, hesabu video zako zilizoharibika

Kamera yangu ya kwanza ya safari ililala gesti. Mimi niko kwenye mashua naelekea Kilwa Kisiwani, yenyewe iko chini ya mto wa kitanda, Kilwa Masoko. Ilikuwa kamera kubwa ya kioo ndani, zile za DSLR, na pamoja na lenzi zake mbili na chaja ilijaza begi zima. Nikaogopa maji ya chumvi, nikaiacha. Kisiwa chote nikakirekodi kwa simu: nguzo za Msikiti Mkuu, kuta za Husuni Kubwa, mzee wa mashua akipandisha tanga.

Niliporudi Dar nikakaa na simu, kalamu na mgongo wa risiti ya dukani, nikaanza kuhesabu. Video 40. Katika hizo, 17 upepo umemeza maneno yangu. 9 zinatikisika mpaka mtazamaji anasikia kichefuchefu. 6 ni giza. 3 nilikuwa mbali mno na kitu chenyewe. Zilizobaki 5 hazikuwa na neno.

Risiti ile ndiyo iliyonichagulia kamera. Kila anayeniuliza, "Dada, ninunue ipi?", namwambia aanzie hapo. Chukua safari yako ya mwisho, video zote, hasa zile ulizotaka kuzifuta, na kila moja uiandikie kosa moja tu, lile kubwa. Muuzaji hayajui makosa yako. Anachokijua yeye ni megapikseli, na kwenye karatasi yangu hapakuwa na kosa hata moja la megapikseli.

Kama sauti ndiyo inayoongoza, kamera isubiri. Nunua kwanza maiki ndogo isiyo na waya, ile ya kubana kwenye kola, yenye kofia ya manyoya, na kipokezi chake ukichomeke kwenye simu. Kusi ikichachamaa pwani, simu haina ujanja, na kamera yenye maiki zake za ndani nayo haina ujanja mkubwa. Mimi nilikaa miezi mitatu na maiki na simu tu, na karibu nusu ya shida zangu ikaisha bila kugusa akiba. Siku ukinunua kamera, maiki hiyohiyo utahamia nayo, mradi kamera iwe na tundu la maiki la milimita 3.5. Tundu hilo ndilo la kwanza kulitafuta. La hedifoni ni la pili, na hapo ndipo kamera ndogo zinapoachana: Sony ZV-E10 na Fujifilm X-M5 zinalo, Canon R50 na Nikon Z30 hazina. Bila hedifoni utagundua hotelini kwamba waya wa kipokezi cha maiki ulikuwa umechomoka tangu asubuhi. Nayasema haya kwa uchungu.

Mtikisiko una mambo zaidi, na ndio unaowapotosha wengi. Kamera zote nne nilizozitaja hazina mfumo wa kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Kuna kusaidiwa na lenzi, kama lenzi yako inao, na kuna kutulizwa kwa hesabu za kompyuta ndani ya kamera. Njia hii ya pili ina kodi yake: kamera hukata kingo za picha ili ipate nafasi ya kuisogeza. Kwenye ZV-E10 kodi hiyo ni mara 1.44. Lenzi ndogo inayouzwa nayo huanzia milimita 16 (milimita zikiwa chache, lenzi huona pana zaidi), ambayo kwenye kihisi cha ukubwa ule, kile kipande kinachopokea mwanga, ni sawa na 24 kwenye kamera ya fremu kubwa. Zidisha kwa 1.44, unafika karibu 35. Sasa nyoosha mkono ujirekodi ukitembea uchochoro wa Mji Mkongwe: uso umejaa, milango ya nakshi uliyoifuata haionekani.

Njia za kutoka ni tatu. Ya kwanza ni kununua lenzi pana zaidi. Sony wana ya milimita 11, f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi hufunguka zaidi), nyepesi. Ya pili ni kupanda daraja, kwenye kamera yenye kutuliza ndani ya bodi: Sony a6700 au Fujifilm X-S20, zote za 2023, kila moja karibu gramu 490. Ya tatu ndiyo niliyoichagua, na haina gharama. Nimejifunza kusimama. Natembea bila kurekodi, nasimama, naegemea ukuta, narekodi sekunde kumi, naendelea. Ila kama kazi yako yote ni kutembea huku unaongea, usijidanganye na hii ya tatu. Lipia bodi.

Kuna mtikisiko mwingine ambao si wa mikono. Kamera nyingi za daraja hili husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na ZV-E10 husoma polepole. Panda treni ya SGR kwenda Dodoma, elekeza kamera dirishani, uone nguzo za umeme za kando ya reli zinavyolala kama minazi ya ufukweni. Hakuna mpangilio wa kuziinua. Rekodi ya mbali, milima ya Uluguru kwa mfano, nguzo uziache.

Giza ni kazi ya lenzi kabla ya kuwa kazi ya kamera. Lenzi ya dukani hufunguka f/3.5 au f/4.5 ikiwa pana, na ukiivuta inabana hadi f/5.6 au f/6.3. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6. Ya f/1.4 inaingiza mara 16. Nenda Forodhani baada ya magharibi, moshi wa mishikaki, taa moja juu ya meza, mpishi anapiga unga wa piza hewani, ndipo utaelewa hesabu hiyo. Kamera ya bei mbaya yenye lenzi ya f/6.3 itakupa chengachenga. Kamera ya kawaida yenye Sigma 18-50 f/2.8 itakupa mpaka ute wa yai. Sigma hiyo ina gramu 290 tu. Ipo ya Sony, ipo ya Fujifilm, na tangu 2024 ipo ya Canon RF pia. Kabla ya hapo nilikuwa nawaonya watu wa Canon kwamba lenzi ndogo zao ni chache. Siku hizi naonya kwa sauti ya chini.

Kosa la umbali sitalikalia sana. Kama safari zako ni za Mikumi na Serengeti, kamera ndogo yenye lenzi ndogo itakupa twiga wa ukubwa wa njiti ya kiberiti. Azima au kodi lenzi ndefu kwa siku hizo.

Ukishajua kosa lako linaloongoza, kuchagua bodi kunakuwa kazi ya dakika kumi. Canon R50 ya 2023 namshauri anayeanza kabisa: ina kidirisha cha kuchungulia, ambacho jua la saa saba ufukweni litakufanya ukipende, na rangi zake za ngozi zetu huhitaji marekebisho kidogo. X-M5 ni ya anayechoka kuhariri. Ina gurudumu juu la kuchagulia rangi za filamu za Fujifilm, unapiga na kutuma. Z30 ni imara mkononi, ina mshiko wa kweli, kidole hakitafuti pa kukaa. Mimi nilichukua ZV-E10, ya mtumba, kwa sababu ya tundu la hedifoni na wingi wa lenzi za Sony za mkono wa pili. Ilitoka 2021 kwa takriban dola 700 bodi tupu, kwa hiyo sasa inapatikana kwa bei ya kuongea.

Usiweke pesa yote kwenye bodi. Mimi nilizigawa hivi: nusu bodi, nusu iliyobaki lenzi, betri mbili za akiba, kadi na kichujio cha ND. Kichujio hicho ni miwani ya jua ya kamera. Bila hicho, mchana wa Nungwi kwa f/2.8 mchanga wote unakuwa karatasi nyeupe. Halafu weka kwenye mizani vyote pamoja. ZV-E10 na betri na kadi ni gramu 343. Ongeza Sigma, unapata 633. Inaingia kwenye pochi ninayoenda nayo sokoni, na hakuna anayegeuka kuniangalia Darajani.

Twende dukani. Nilikwenda Kariakoo asubuhi, kabla ya msongamano.

"Dada yangu, hii ndiyo habari ya mjini," kijana akaniwekea kamera mezani.

"Kaka, ina tundu la maiki?"

Akaigeuza. Akaigeuza tena. "Ina Bluetooth, dada."

Nikamshukuru, nikaenda duka la tatu. Nenda na kadi yako mwenyewe na kompyuta mpakato kama unayo. Omba ujirekodi dakika mbili ukiongea, uinue boksi mbele ya uso kisha ulishushe, uone fokasi inavyorudi. Kama ni mtumba, fungua lenzi umulike kwa tochi ya simu: nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu ya pwani haina urafiki, acha. Weka f/16, piga ukuta mweupe, kuza picha utafute madoa kwenye kihisi. Chomeka maiki, chomeka hedifoni, tikisa waya. Fungua menyu usome lugha: baadhi ya Sony zilizotengenezewa soko la Japani zina Kijapani pekee, na usitegemee kupata fundi wa kukuongezea Kiingereza. Bei yake rahisi inatokea huko.

Usiku wa kwanza nyumbani, kabla hujarekodi chochote cha maana kwenye kadi, badilisha mfumo wa video kwenye menyu kutoka NTSC, wa nchi za umeme wa hezi 60, uwe PAL, wa hezi 50. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukirekodi fremu 30 kwa sekunde, na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/60, chini ya taa za LED za hoteli, mistari myeusi hupita ukutani kama mawimbi, na nimeshaona mtu akirudisha kamera nzima dukani akidhani mbovu. Weka fremu 25, shata 1/50. Kwenye ZV-E10 kuna zawadi ya juu: 4K ya fremu 30 hukata kingo mara 1.23, lakini ya fremu 25 inatumia upana wote wa kihisi. Hapohapo kwenye menyu tafuta kikomo cha joto cha kujizima, kipandishe kiwe juu, la sivyo itakuzimikia mchana wa Bagamoyo katikati ya sentensi. Kadi iwe yenye alama ya kasi ya V30. Kwa 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, GB 64 inabeba kama saa moja na dakika 20.

Safari iliyofuata nilikwenda Unguja, na niliporudi nikachukua risiti nyingine. Video 52. Upepo 2. Giza 1. Mtikisiko 4, zote nilizokuwa mvivu wa kusimama. Kosa jipya ndilo lililoongoza: video 7 zimekatika njiani kwa betri kuisha. ZV-E10 hutumia NP-FW50, mAh 1020, na hiyo si betri ya mtu anayeshinda nje. ZV-E10 II iliyotoka 2024 imehamia NP-FZ100, mAh 2280, na kama mfuko wako unaifikia, sababu hiyo peke yake inatosha kuichukua. Mimi natembea na betri tatu, na ninapokula mchana kamera inakula pia, kwa USB-C kutoka kwenye pawabanki. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba na pawabanki zikae kwenye begi la mkononi, si la kupakiwa, na ncha za betri uzifunike zisigusane na funguo.

Limebaki suala la unyevu. Chumba cha kiyoyozi kikiwa baridi na nje ni joto la pwani, lenzi itafunga ukungu ukifungua mlango tu. Iache ndani ya begi lililofungwa zipu nusu saa izoee, usiifute kwa kanga. Usibadilishe lenzi ufukweni, hata kwa sekunde. Nyumbani ninaihifadhi kwenye kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vya kunyonya maji vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mwenye duka la viatu mtaani kwetu ameshanizoea. Nikipita ananyoosha kikombe kilichojaa, bila hata salamu.